Ini Lililoachwa Mwambani: Hekaya ya Sungura na Kasa katika Historia ya Korea

Mtafiti wa fasihi simulizi wa Afrika Mashariki anapokutana kwa mara ya kwanza na hekaya ya Kikorea ya Sungura na Kasa, huhisi kwamba ameisikia kabla. Kasa anatumwa nchi kavu kutafuta ini la sungura liwe dawa ya mgonjwa katika jumba la kifalme baharini. Anamlaghai Sungura kwa sifa za nchi ya mbali, anampakia mgongoni, na wakiwa katikati ya maji anamweleza kweli. Sungura naye anajibu kwamba ini lake hakulichukua; ameliacha nyumbani, na hapana budi warudi wakalitwae. Badala ya Sungura tuweke Kima, badala ya Kasa tuweke Papa, na badala ya ini tuweke moyo: tutakuwa na hekaya ile ile ambayo Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa ngano alizosimuliwa Unguja, na ambayo tangu hapo imerudiwa vitabuni mara nyingi kwa jina la Punda wa Dobi.

Mfanano huu unavutia, lakini una hatari yake. Katika uainishaji wa Aarne na Thompson, hekaya zote za namna hii zimepewa nambari moja, yaani 91, na mhakiki akishaipata nambari hiyo huelekea kuridhika. Huandika kwamba hii ni hekaya ya mjanja aliyezidiwa ujanja, kwamba mnyonge amemshinda mwenye nguvu, kisha hufunga faili. Sisi tunaona kwamba kwa kufanya hivyo anaacha nje jambo ambalo lingempasa kulichunguza kwanza. Hekaya haziishi katika orodha za nambari. Husimuliwa na mtu fulani kwa mtu fulani, na kwa haja fulani. Kwa bahati njema, hekaya ya Korea ni miongoni mwa chache ambazo historia imetuhifadhia msimulizi wake, msikilizaji wake, mahali iliposimuliwa, na hata ujira uliolipwa. Makala haya yanaifuata hekaya hiyo tangu gereza la mwaka 642 hadi kwenye mkeka wa waimbaji wa karne ya kumi na tisa, kwa nia ya kuonyesha kwamba ujanja ndani yake si tabia ya mnyama huyu au yule. Ni kitu kinachohama, na kuhama kwake kunatuambia nani anamwogopa nani katika jamii inayosimulia.

Tuanze na gereza. Katika karne ya saba rasi ya Korea ilikuwa imegawanyika katika dola tatu zilizokuwa zikipigana bila kukoma: Goguryeo kaskazini, Baekje kusini-magharibi, na Silla kusini-mashariki. Mwaka 642 jeshi la Baekje liliiteka ngome ya Daeya ya Silla. Kamanda wa ngome hiyo alikufa pamoja na mkewe, na mke huyo alikuwa binti wa mwana wa ukoo wa kifalme aitwaye Kim Chunchu. Inasimuliwa kwamba habari ilipomfikia, baba huyo aliegemea nguzo akasimama siku nzima bila kupepesa macho, asitambue hata mtu aliyepita mbele yake. Kisha akaomba ruhusa kwa malkia wake, Seondeok, aende Goguryeo kuomba jeshi la kulipizia kisasi.

Safari hiyo ilikuwa ya kujitia kinywani mwa simba. Mwaka huo huo huko Goguryeo jemadari Yeon Gaesomun alikuwa amemuua mfalme wake na kumtawaza mwingine, Bojang, na dola hiyo ilikuwa na deni lake la zamani dhidi ya Silla, kwani karibu karne moja kabla Silla ilikuwa imeinyang'anya ardhi. Kabla ya kuondoka, Kim Chunchu alikula yamini ya damu na shemeji yake, jemadari Kim Yusin, kwamba asipoonekana baada ya siku 60 basi ajulikane kuwa amekwisha. Alipofika alipokewa kwa karamu, kisha akaelezwa sharti: nchi za njia za milimani za Mamokhyeon na Jungnyeong zilikuwa mali ya Goguryeo, zirudishwe, la sivyo yeye hatarudi kwao. Jibu lake lilikuwa la kweli na la heshima. Alisema kwamba ardhi ya dola si kitu ambacho mtumishi wa dola anaweza kukitoa kwa hiari yake. Kwa jibu hilo akatiwa kifungoni.

Hapo ndipo hekaya inapoingia. Mfungwa alikuwa na kitambaa cha buluu, kipimo cha hatua 300, alichozawadiwa njiani na mtu mmoja wa wilaya aliyopitia. Akampelekea kwa siri Seondohae, waziri aliyependwa sana na mfalme wa Goguryeo. Seondohae akaja na chakula na mvinyo, wakanywa pamoja, na ulevi ulipokolea akamwuliza mgeni kwa namna ya mzaha kama amewahi kuisikia habari ya Kasa na Sungura. Kisha akaisimulia.

Binti wa Mfalme Joka wa Bahari ya Mashariki alishikwa na maradhi ya moyo, na tabibu akasema kwamba dawa ingeweza kutengenezwa likipatikana ini la sungura. Baharini hamna sungura. Kasa akajitolea. Alipanda pwani akamwambia Sungura kwamba kuna kisiwa baharini chenye chemchemi safi na mawe meupe, misitu minene na matunda mazuri, kisichojua baridi wala joto, wala mwewe hawafiki huko. Sungura akapanda mgongoni. Walipokwenda mwendo mfupi Kasa akageuka akamwambia kweli yote. Sungura akajibu kwamba yeye ni wa uzao wa miungu, na anaweza kuvitoa viungo vyake vya ndani, akaviosha na kuvirudisha. Siku chache hizi alikuwa ameona dhiki kifuani, akatoa moyo na ini akaviosha, na aliposikia maneno matamu ya Kasa akaja mbio, akaliacha ini chini ya mwamba. Yeye mwenyewe anaweza kuishi bila hilo. Je, si vizuri warudi walichukue, kila mmoja apate haja yake? Kasa akaamini. Mara walipogusa nchi kavu Sungura akaruka majanini, akamcheka: mjinga we, yuko wapi awezaye kuishi bila ini? Kasa akanyamaza kwa huzuni akarudi alikotoka.

Kim Chunchu, wasifu unasema, akaelewa maana. Akamwandikia mfalme barua akikiri kwamba nchi zile mbili kwa asili ni za Goguryeo, na kwamba akirudi atamwomba malkia wake azirudishe. Akaapa kwa jua liangazalo. Mfalme akafurahi. Wakati huo huo habari zikafika kwamba Kim Yusin anakuja na jeshi. Mfungwa akaachiliwa. Alipovuka mpaka akawageukia waliomsindikiza akawaambia kwamba alikuja kuomba jeshi, akadaiwa ardhi badala yake. Jambo hilo halimo katika mamlaka yake, na barua ile aliiandika ili aepuke kifo tu.

Mhakiki hana budi kusimama hapa kidogo, maana ulinganifu wa hekaya na tukio ni wa ndani kuliko unavyoonekana kwa haraka. Si kwamba mfungwa alifundishwa kusema uongo. Mwanasiasa wa ukoo wa kifalme hakuhitaji kufundishwa hivyo. Alichofundishwa ni umbo la uongo unaofaa. Ini haliwezi kutengana na mwili, na Sungura anaokoka kwa kudai kwamba linaweza. Ardhi ya dola haiwezi kutengwa na dola kwa neno la mjumbe. Kim Chunchu alikuwa amelisema hilo waziwazi, nalo ndilo lililomtia gerezani. Baada ya kusikia hekaya akasema kinyume chake. Uongo wa Sungura na uongo wa mjumbe ni mmoja: wote wawili wanaahidi kutoa kitu ambacho mtu hawezi kukitoa na akabaki yeye. Na wote wawili wanaaminika kwa sababu ile ile, kwamba anayesikiliza anakitaka kitu hicho mno. Tamaa ya Kasa ndiyo inayoikamilisha hoja ya Sungura, ambayo kwa yenyewe isingemdanganya mtoto.

Jambo la pili linahusu kukiri kwa Kasa. Kwa nini anaifichua siri baharini, kabla hajafika? Wasomaji wa hekaya yetu ya Unguja wamejiuliza swali hilo hilo kuhusu Papa. Jibu jepesi ni kwamba bila kukiri hadithi haiendelei. Lakini tukiisoma hekaya gerezani, kukiri kunapata maana nyingine. Mlaghai anayejiona ameshashinda hana haja tena ya kusitiri, na papo hapo anapoacha kusitiri ndipo mwenziwe anapopata nafasi. Goguryeo nayo ilifanya vivyo hivyo: ilimkaribisha mgeni kwa karamu, kisha ikamwonyesha meno mapema mno.

Sasa tuulize ushahidi wenyewe una uzito gani. Kisa hiki kimo katika Samguk Sagi, historia ya dola tatu iliyokamilishwa na Kim Busik mwaka 1145, yaani takriban miaka 500 baada ya tukio. Kimo katika kitabu cha 41, ambamo mwanzo wa wasifu wa Kim Yusin umeandikwa. Katika sehemu ya kumbukumbu za wafalme wa Silla, safari ya mwaka 642 inaelezwa pia, lakini huko mjumbe anaokolewa na tishio la jeshi na hapana kasa wala sungura. Mwandishi mwenyewe anakiri kwamba wasifu wa Kim Yusin ameufupisha kutoka katika maandishi marefu ya kizazi cha jemadari huyo, aliyeitwa Kim Jangcheong, na kwamba ndani yake mlikuwa na mengi ya kutungwa ambayo ameyapunguza. Kwa maneno mengine, tunasoma masimulizi ya washindi kuhusu babu yao. Kwani Silla ndiyo iliyoshinda: mwaka 648 Kim Chunchu alikwenda Uchina kufunga ushirikiano na Tang, mwaka 654 akawa mfalme ajulikanaye kama Muyeol, mwaka 660 Baekje ikaanguka, na mwaka 668, yeye akiwa ameshafariki, Goguryeo nayo ikaanguka.

Je, basi hekaya ile ilisimuliwa kweli gerezani, au ilipachikwa na wajukuu? Haiwezekani kukata shauri, na pengine si lazima. Hata ikiwa imepachikwa, aliyeipachika alijua kwamba wasomaji wake wangeiona hekaya ya wanyama kuwa lugha inayostahili mazungumzo ya mawaziri. Hilo lenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Wale miongoni mwetu waliozoea kufundisha hekaya kama utanzu wa watoto wanapaswa kuutafakari. Katika andiko la kwanza la Kikorea linalotupatia hekaya hii hamna mtoto hata mmoja. Kuna watu wazima wawili, mvinyo, rushwa, na shingo iliyo hatarini.

Aidha, hekaya yenyewe haikuzaliwa Korea. Chimbuko lake linalojulikana ni Bara Hindi. Katika Jataka za Kibuddha, hasa ile ya 208, mamba anataka moyo wa nyani kwa sababu mkewe ameutamani, na nyani anamwambia kwamba mioyo ya nyani huning'inia mtini. Katika Panchatantra, kisa cha nyani na mnyama wa majini ndicho kinachobeba kitabu chote cha nne. Kutoka hapo hekaya ilisafiri kwa njia mbili. Njia ya mashariki ilikuwa ya watawa: katika karne ya tatu Kang Senghui, aliyefanya kazi katika dola ya Wu, na baada yake Dharmaraksha, waliifasiri kwa Kichina, na humo mnyama wa majini akawa wa jamii ya kasa. Dini ya Kibuddha iliingia Goguryeo mwaka 372 na Baekje mwaka 384, na kukubaliwa rasmi Silla katika karne ya sita. Njia ya magharibi ilikuwa ya makatibu wa wafalme: Burzoy aliifasiri kwa Kipahlavi zama za Khosrow Anushirwan, na katika karne ya nane Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu ndani ya Kalila wa Dimna. Hekaya ya Unguja inaonyesha wazi kwamba imetoka upande huo, kwa sababu ndani yake Kima anamsimulia Papa kisa cha punda asiyekuwa na moyo wala masikio, kisa kile kile kilichomo katika Panchatantra na katika Kalila. (Msomaji atakumbuka kwamba katika simulizi ya Unguja anayemshawishi punda na kuula moyo wake ni Sungura, mahali ambapo Waarabu wana mbweha. Hivyo kwetu Sungura ni mla moyo, na Korea ni mwindwa ini. Mnyama mmoja, hadithi moja, pande mbili za kisu.)

Kilichobadilika njiani ndicho kinachotuhusu. Kwamba Korea ilimwondoa nyani si ajabu. Nchi hiyo haina nyani wa porini, na sungura alikuwa ameshajaa katika mawazo ya watu wake, hata mwezini wanamwona akitwanga. Madai ya Sungura kwamba yeye ni wa uzao wa miungu hayakuwa upuuzi mtupu masikioni mwa hadhira ile. Ini nalo lina nafasi yake katika lugha. Mkorea humwambia mtu jasiri kwamba ana ini kubwa; mtu aliyepita mpaka kwa ujasiri wa kijinga husemwa kwamba ini lake limetoka nje ya tumbo; na kigeugeu husemwa kuwa mara ameshikamana na ini, mara na nyongo. Kwetu ushujaa ni wa moyo, nalo ini ni la uchungu: neno baya hukata maini. Kwa hiyo mfalme wa bahari anapotaka ini la Sungura, msikilizaji wa Kikorea anasikia kwamba anatakiwa anyang'anywe ujasiri wake. Kima wetu, kwa upande wake, anatakiwa anyang'anywe utu.

Lakini badiliko lililo kubwa zaidi ni la mgonjwa. Katika maandiko ya Kihindi, ya Kichina na ya Kiarabu niliyoyataja, anayehitaji kiungo ni mke wa mnyama wa majini, naye aghalabu anajisingizia ugonjwa kwa wivu, kwa kuwa mumewe ana rafiki nchi kavu. Hadithi hapo ni ya nyumba na urafiki: mwanamume amesimama kati ya mke na sahibu. Katika Korea mke ameondoka, na mahali pake ameingia binti wa mfalme, baadaye mfalme mwenyewe. Unguja nako mke ameondoka, na Papa anasema kwamba sultani wao ni mgonjwa. Njia ya mashariki na njia ya magharibi hazikukutana, na hata hivyo zilifika mahali pamoja. Hatudai kwamba tunayo sababu moja inayoeleza yote. Tunasema tu kwamba mahali ambapo watu waliishi chini ya jumba la mtawala, wakijua kwamba maradhi ya huko juu hutibiwa kwa miili ya walio chini, hekaya ya wivu wa nyumbani iligeuka kwa urahisi kuwa hekaya ya amri. Na mara igeukapo hivyo, mnyama wa majini si rafiki tena aliyevunja ahadi. Ni mtumishi. Kosa lake linakuwa gumu kulihukumu.

Ugumu huu ndio uliofanyiwa kazi na waimbaji wa pansori. Sanaa hii, ambamo mwimbaji mmoja na mpiga ngoma mmoja husimulia kisa kirefu kwa kuimba na kusema kwa saa nyingi, ilikua katika zama za mwisho za ufalme wa Joseon, na UNESCO iliitangaza miongoni mwa turathi za kimasimulizi za binadamu mwaka 2003. Katika visa vyake vitano vilivyosalia, kimoja ni Sugungga, wimbo wa jumba la majini, ambacho pia kilienea kama riwaya kwa majina mbalimbali. Aliyetia mkono mkubwa katika maandishi ya visa hivi ni Shin Jae-hyo, aliyeishi kati ya 1812 na 1884 huko Gochang, mkoa wa Jeolla, mtu wa tabaka la makarani wa wilaya. Nasaba hiyo si habari ya pembeni. Karani wa wilaya ni mtu anayeagizwa na wakubwa kwenda kuchukua kitu kwa wadogo.

Katika Sugungga mfalme wa Bahari ya Kusini anaugua baada ya karamu ya kuzindua jumba jipya. Ameugua kwa kula na kunywa. Mawaziri wanakusanywa, nao ni samaki na viumbe vya bahari vyenye vyeo kamili vya serikali ya Joseon, na hakuna anayetaka kwenda. Kasa, ofisa wa cheo cha chini, anajitolea. Kwa kuwa hajawahi kumwona sungura, wachora picha wanamchorea mmoja, na wimbo wa uchoraji huo ni miongoni mwa vipande vipendwavyo sana. Akifika nchi kavu taya zake zimechoka kwa safari; anapotaka kumwita Bwana Sungura ulimi unateleza, neno linatoka Bwana Chui-milia, na chuimilia anashuka mlimani kuitikia. Hadhira hucheka. Lakini wanachokicheka ni ofisa anayekaribia kufa kwa kosa la herufi moja, akiwa kazini kwa ajili ya bwana mlevi.

Tofauti kubwa kati ya simulizi hii na ile ya mwaka 642 ni mahali uongo unaposemwa. Gerezani, Sungura alimdanganya Kasa baharini na hakuliona jumba kabisa. Katika pansori Kasa hakiri kitu. Anamfikisha Sungura hadi mbele ya kiti cha enzi, na pale Sungura anamdanganya mfalme mwenyewe, mawaziri wote wakishuhudia. Anasema ini lake hufuata mwezi, na kuna siku za kulitoa na siku za kulirudisha. Mfalme anakataa. Sungura anamwambia basi, nipasueni. Ikiwa ini limo, vema, na ikiwa halimo, mtampata wapi Sungura mwingine wa kuwaonyesha lilipo? Anadai kwamba ana tundu tatu nyuma, moja likiwa la kulipitishia ini. Mfalme anaamuru akaguliwe, na ukaguzi unathibitisha. Karamu inaandaliwa kwa heshima ya Sungura. Mfungwa amekuwa mgeni rasmi. Kasa peke yake ndiye anayejua kwamba wanadanganywa, naye anasema hivyo, lakini neno la ofisa mdogo halina uzito mbele ya tamaa ya mkubwa. Anaamriwa ambebe Sungura arudi naye.

Kwa mpangilio huu, aliyezidiwa ujanja si Kasa. Kasa alifanya kazi yake yote. Aliyezidiwa ni dola, pamoja na vyeo vyake, matabibu wake na wachoraji wake. Haishangazi kwamba kisa hiki kilishamiri katika karne iliyoshuhudia uasi wa Hong Gyeong-nae mwaka 1811, maasi ya wakulima mwaka 1862, na vita vya Donghak mwaka 1894 vilivyoanzia huko huko Jeolla. Hatusemi kwamba wimbo ulisababisha uasi. Wimbo ulisikilizwa na wakulima na ulisikilizwa na mabwana pia, ambao waliwalipa waimbaji vizuri, na kila mmoja alikuwa na lake la kuchekea. Mabwana waliweza kusema kwamba wimbo unasifu uaminifu wa Kasa, na hawakukosea. Sifa hizo zimo, tena kwa wingi.

Sungura naye haachwi atulie. Akishapiga kelele za furaha pwani ananaswa katika mtego, anawashawishi nzi wamtagie mayai ili mwindaji adhani ameoza, anaokoka, kisha tai anamnyakua, na inambidi atunge uongo mwingine. Mnyonge wa pansori hapati ushindi. Anapata siku nyingine.

Mwisho wa Kasa ndio uliowasumbua wasimulizi kupita yote, na nakala zinatofautiana mno. Zipo ambazo anajiua kwa aibu. Zipo ambazo hathubutu kurudi. Katika nyingine kiumbe wa mbinguni anamhurumia na kumpa dawa, au Sungura mwenyewe anamtupia vinyesi vyake, vinapelekwa kwa mfalme, naye anavinywa na kupona. Wahariri wa kale huandika habari hii kana kwamba ni suala la kuamua nakala ipi ndiyo sahihi. Kwa maoni yetu wingi huo ni alama ya swali ambalo jamii haikukubaliana jibu lake: mtumishi aliyetumwa kufanya uovu, akaufanya kwa bidii, akashindwa kwa sababu ya ujinga wa aliyemtuma, anastahili nini?

Simulizi ya gerezani haikujishughulisha naye. Kasa alinyamaza akarudi baharini, basi. Lakini kando ya simulizi hiyo alikuwepo mtumishi mwingine. Seondohae alikuwa waziri wa Goguryeo, mpendwa wa mfalme wake, na mfalme huyo ndiye aliyepoteza mfungwa na ardhi kwa sababu ya hekaya moja iliyosimuliwa juu ya mvinyo. Wasifu unamfuata Kim Chunchu hadi mpakani na kuinukuu hotuba yake neno kwa neno. Seondohae unamwacha pale pale, na kitambaa chake cha hatua 300.